Udaktari wa biashara mtandaoni: uliza habari za mwisho kabla ya kulipa ada ya kwanza

Kuanzia Novemba hadi Machi, darasa linaloanza saa moja jioni mjini New York huanza saa tisa usiku Dar es Salaam. Saa hiyo mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye cheo ofisini na watoto wa sekondari, anakuwa amekaa kwenye meza ya chakula sebuleni kwake, shati la kazini juu, bukta chini, maikrofoni imezimwa ili mlio wa feni usiwafikie wenzake. Saa mbili asubuhi anatakiwa awe kwenye kikao. Wanaosoma na vyuo vya Uingereza wana nafuu kidogo: saa kumi na mbili jioni ya London ni saa tatu usiku kwetu, au saa mbili wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo mtu anaweza kula kwanza na kuwaaga watoto.

Anachosomea kinaitwa kwa kifupi DBA, shahada ya udaktari wa usimamizi wa biashara. Si PhD, ingawa atakayeimaliza ataitwa Dokta vilevile na jirani hataona tofauti. Msomi wa PhD ya biashara kwa kawaida huandaliwa kuwa mhadhiri na mtafiti: huanzia kwenye nadharia, hutafuta pengo katika yaliyokwisha kuandikwa, kisha hujaribu kuliziba. Wa DBA huanzia kazini. Lipo tatizo linalomnyima usingizi katika kampuni, benki, hospitali au wizara yake, naye anatakiwa alichambue kwa ukali uleule wa kitaaluma mpaka atoke na jambo litakalobadilisha namna kazi inavyofanyika.

Mpaka huo haukuwa wazi siku zote. Harvard Business School ilitoa DBA kwa miongo mingi, na waliohitimu wakaenda kuwa maprofesa. Ni mwaka 2018 ndipo ilipoanza kuwapa wanafunzi wake wapya PhD badala yake. Katika vyuo vya Uingereza, DBA ni shahada ya watu walioko kazini. Inasomwa kwa muda wa ziada, kwa kawaida miaka minne au zaidi, ikianza na masomo ya mbinu za utafiti, halafu tasnifu ambayo mara nyingi ni fupi kuliko ile ya PhD, kisha mtihani wa mdomo mbele ya watahini. Korona ilipowalazimisha hata maprofesa wakongwe kufundisha kwa Zoom, aibu ya kusoma kwa mtandao ikapungua, na matangazo yakaanza kutufuata kwenye simu zetu kama yale ya mikopo.

Watu wanaisoma kwa sababu mbalimbali, na si zote wanazisema. Wapo wanaotaka kwenda kufundisha chuo baada ya kustaafu. Wapo wanaotaka kufungua ofisi ya ushauri na wanajua kwamba mteja humwamini zaidi mwenye herufi mbili mbele ya jina. Nchini Kenya wengi walisukumwa na kanuni za mwaka 2014 zilizowataka wahadhiri wa vyuo vikuu wawe na shahada ya udaktari. Na wapo, tuseme ukweli, wanaoitaka kwa ajili ya kadi ya mwaliko wa harusi. Sioni dhambi katika kutaka jina. Ninachokiona ni kwamba jina pekee halitoshi kumwamsha mtu saa tisa usiku mwaka wa tatu, wakati shauku imekwisha na sura ya pili imerudishwa kwa mara ya nne. Anayefika ni yule mwenye swali asiloweza kuliacha.

Tuchukue mfano. Tuseme ni meneja wa mikopo, mama wa makamo, katika SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wafanyakazi mjini Moshi. Mji wenyewe ni wa ushirika: muungano wa vyama vya ushirika, KNCU, ulianzishwa huko mwaka 1933, na Chuo cha Ushirika kilichofunguliwa mwaka 1963 leo ni chuo kikuu. Meneja huyu ameona jambo. Wanachama wanaorejesha vizuri miaka miwili ya mwanzo wanaanza kuyumba mwaka wa tatu, na wadhamini wao wanakatwa mishahara kulipa madeni wasiyoyala. Anaamini anajua sababu: watu wamekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, marejesho ya SACCOS yanakwenda kuzima moto huko. Angesema hivyo kwenye kikao cha bodi, wajumbe wangetikisa vichwa kukubali na ajenda ingefuata nyingine. Kwenye DBA, msimamizi anamwandikia pembeni ya ukurasa neno moja: Umejuaje?

Swali hilo linaweza kula mwaka mzima. Kwanza inabidi aamue "kuyumba" ni nini. Ni rejesho lililochelewa siku 30, au 90? Aliyehamishwa kituo cha kazi na makato yake yakapotea njiani kati ya halmashauri mbili, naye ameyumba? Anafungua daftari la mikopo na kugundua kwamba mfumo wa kompyuta ulibadilishwa katikati ya kipindi anachokichunguza, na tarehe za marejesho ya zamani ziliingizwa zote kama mwisho wa mwezi. Wiki tatu za jioni zinakwenda kwenye kulinganisha mfumo na stakabadhi za karatasi. Hakuna tangazo la chuo linaloonyesha picha ya mtu akifanya kazi hiyo, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Halafu anaingia kwenye maandiko. Anakutana na Joseph Stiglitz, mchumi wa Marekani, aliyeandika mwaka 1990 kuhusu namna wakopaji wanaodhaminiana wanavyochungana: mwenzako akitaka kuitumia fedha vibaya wewe utakuwa wa kwanza kumzuia, maana deni litakurudia. Meneja anasoma na kujiuliza mbona kwake haiko hivyo. Anazipitia fomu upya na kuona kitu ambacho miaka yote kilikuwa mbele ya macho yake: Fulani kamdhamini Fulani, naye Fulani huyohuyo kamdhamini wa kwanza. Nisainie nikusainie. Wadhamini hawachungani, wanalipana fadhila, na pengine hawajui hata kiasi walichokisainia. Kausha damu bado ipo, ila sasa imekuwa sehemu tu ya jibu. Hapo ndipo shahada inapoanza kulipa, kabla hata haijatolewa.

Ugumu unaofuata hauna uhusiano na vitabu. Yeye ni bosi wa wale anaotaka kuwahoji. Anamkalisha afisa mikopo aliye chini yake, rekoda iko mezani, anauliza utaratibu wa kumkagua mdhamini ukoje. "Tunafuata mwongozo, bosi." Anauliza kwa njia nyingine. "Kwa kweli mwongozo tunaufuata." Mahojiano ya namna hiyo yakiandikwa neno kwa neno ni kurasa kumi na tano za heshima tupu. Kamati ya maadili ya chuo itamuuliza hilo kabla ya kumruhusu: mtu aliye chini yako ana uhuru gani wa kukataa kuhojiwa na wewe? Wengine hutatua kwa kumtumia mhoji wa nje, wengine kwa kwenda kuhoji SACCOS jirani, wengine kwa dodoso lisilo na jina. Kila njia ina upungufu wake, na tasnifu nzuri huukiri.

Kwa wanachama, jambo ni jingine tena. Mahojiano na mzee aliyestaafu ualimu huanza na shikamoo, habari za nyumbani, mvua, migomba. Kisha mtafiti anatoa hati ya ridhaa ya kurasa mbili iliyotungwa na chuo cha ng'ambo, Kiingereza kitupu, yenye mahali pa kusaini. Mzee anaivua miwani yake. "Mwanangu, nikisaini hapa ndiyo nadaiwa tena?" Yeyote aliyewahi kukusanya taarifa vijijini anaijua sauti hiyo. Hati hiyo lazima iandikwe upya kwa Kiswahili cha watu, na mara nyingi ridhaa ya kutamka iliyorekodiwa ndiyo inayofaa, lakini inabidi mwanafunzi aombe mapema, maana kamati iliyoko maili elfu kadhaa haijui kwamba karatasi ya kusaini, kwa mtu aliyekwisha kukatwa pensheni kwa deni la mwingine, inatisha.

Na vibali navyo visisahaulike. Kusoma na chuo cha nje hakumwondolei mtu sheria za hapa. Tanzania Bara vibali vya utafiti viko chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kenya leseni hutolewa na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022, kwa hiyo kuhamisha orodha ya wakopaji kutoka kwenye kompyuta ya ofisi kwenda kwenye kompyuta yako, eti kwa sababu wewe ni meneja na una nywila, ni kosa linaloweza kukutoa kazini na chuoni kwa siku moja.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo watu wanapoumia. DBA ya mtandaoni kutoka chuo kinachojulikana cha Uingereza au Marekani inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Zipo za bei ya chini. Pia upo mchezo wa "ufadhili" ambao ninauchukia kuliko bei yenyewe: chuo kinatangaza ada ambayo karibu hakuna anayeilipa, kisha kinakutumia barua ya pongezi kwamba umeshinda ufadhili wa theluthi mbili, mwisho wa kuupokea ni Ijumaa. Unapiga hesabu ya kilichobaki na kukuta kinalingana na bei ya kawaida ya vyuo vingine.

Bei iliyoandikwa angalau unaiona. Inayoua ni ile ya mihula ya ziada. Fikiria: sura ya pili unaipeleka Jumatatu. Msimamizi ana siku kumi za kazi za kuisoma. Inarudi na maswali, nawe unahitaji wiki tatu kuyajibu kwa sababu mwezi huo ofisini ni wa kufunga mahesabu. Unaipeleka tena, siku kumi nyingine. Mizunguko mitatu ya namna hiyo na muhula umekwisha kwa sura moja. Kama chuo kinatoza ada kwa muhula, kuchelewa kwako ni mapato yake. Sisemi kwamba kila chuo hufanya hivyo makusudi. Nasema mfumo wa namna hiyo haumpi mtu yeyote pale chuoni sababu ya kukuharakisha.

Mambo haya yamefika mahakamani. Januari 2022, katika mahakama ya shirikisho ya Maryland, Marekani, ilifunguliwa kesi dhidi ya Walden University, chuo cha mtandaoni chenye makao Minneapolis, kwa niaba ya wanafunzi wa DBA. Madai yalikuwa kwamba chuo kiliwalenga watu weusi na wanawake katika kuitangaza programu hiyo, kikawaeleza masomo na gharama pungufu, halafu walipofika hatua ya tasnifu wakajikuta wanalipa muhula juu ya muhula. Walden ilikana kufanya kosa. Mwaka 2024 pande mbili zilikubaliana kumaliza kwa dola milioni 28.5, na chuo kikaahidi kuweka wazi zaidi gharama na muda wa kumaliza. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, Wizara ya Elimu ya Marekani ilikitoza Grand Canyon University cha Arizona faini ya dola milioni 37.7 kwa madai ya kuwapotosha wanafunzi wa udaktari kuhusu gharama, ikisema kwamba chini ya asilimia 2 ya waliohitimu walimaliza ndani ya kiasi kilichotangazwa. Chuo kilipinga vikali tangu mwanzo, na Mei 2025 wizara hiyohiyo ikaifuta faini.

Mabishano ya kisheria tuwaachie wanasheria. Kwa msomaji wa hapa, kinachofaa kushikwa ni mahali ugomvi wote huo ulipozaliwa: mwishoni, kwenye tasnifu. Masomo ya mwanzo yana ratiba, yana wenzako, yana alama kila baada ya wiki chache. Yakiisha, unabaki wewe, faili lenye jina kama "sura_2_ya_mwisho_kabisa_mpya" na msimamizi ambaye hujawahi kumpa mkono. Hata katika shahada za udaktari za kawaida za Amerika Kaskazini, wanafunzi wakiwa chuoni na wengi wakiwa na ufadhili, Baraza la Shule za Uzamili la Marekani lilipowafuatilia kwa miaka 10 liliwakuta waliomaliza ni takribani asilimia 57. Mtu mwenye kazi, familia, misiba na vikao vya harusi asitegemee kwamba njia yake itakuwa rahisi kuliko yao.

Familia hulipa sehemu yake kimyakimya. Mume au mke anakuwa mlezi wa peke yake wa Jumamosi. Bando la nyumbani linakwisha tarehe kumi na tano. Ukoo unaanza kusema kwamba siku hizi anajivuna, hafiki kwenye misiba, na akifika anasinzia. Mwajiri akikulipia ada, soma mkataba wa kubaki kazini kwa makini: baadhi humfunga mtu miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na akishindwa kumaliza anadaiwa fedha zote.

Tusidhani lakini kwamba ubovu ni wa mtandao na usafi ni wa majengo. Juni 2019 chuo kikuu cha JKUAT nchini Kenya kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, nyingi kutoka kitivo kimoja cha masomo ya biashara na rasilimali watu, mpaka Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ikaingia kuchunguza. Swali lililoulizwa na kila mtu lilikuwa rahisi: nani aliwasimamia wote hao? Mwongozo wa Kenya unampa msimamizi mmoja wanafunzi watatu wa uzamivu kwa mwaka wa masomo. Kwa hiyo hesabu ya wasimamizi ni kipimo kizuri cha chuo chochote, kiwe na geti na mlinzi au kiwe ndani ya kompyuta.

Pembeni ya barabara hii kuna njia za mkato, na sitazipamba. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua Axact, kampuni ya Karachi nchini Pakistan iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za shule na vyuo vya kubuni, vingine vyenye maprofesa waliokuwa waigizaji wa kulipwa. Wateja walikuwa dunia nzima, na shahada za udaktari zilikuwa kwenye orodha ya bidhaa. Sisi Watanzania tunaujua uchungu wa vyeti: Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule uligusa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Shahada hazikuguswa.

Njia ya pili ya mkato inapita Nairobi. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wenye shahada zao na wasio na ajira wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na hata tasnifu nzima kwa malipo, biashara iliyoandikwa sana na magazeti ya nje na kutengenezewa filamu, *The Shadow Scholars* ya mwaka 2024, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya. Uingereza ilipitisha mwaka 2022 sheria inayofanya huduma hiyo kuwa kosa la jinai nchini England. Kinachonishangaza mimi si vijana wale. Njaa ni njaa, na kipaji chao kinaonekana. Ninamshangaa meneja wa hapa anayelipa ada ya dola elfu kadhaa ili ajifunze kufikiri, kisha anamlipa mwingine afikiri kwa niaba yake. Siku ya mtihani wa mdomo anakaa mbele ya watahini wawili walioisoma tasnifu yake zaidi kuliko yeye, wanamuuliza kwa nini alichagua kuhoji watu 22 na si 40, na hana la kusema. Programu za akili bandia nazo zimeleta aina yake ya aibu: zinatunga marejeo ya makala ambazo hazijawahi kuandikwa, na mtahini mwenye dakika tano za kutafuta huyaumbua.

Kuhusu kutambuliwa, kuna hatua watu wengi huziruka. Tanzania tuzo za nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya CUE na mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA, ndiyo majina utakayokutana nayo. Uganda ni baraza la elimu ya juu, NCHE. Wanachotaka kujua ni kama chuo kina mamlaka ya kutoa shahada hiyo nchini kwake. Iulize mamlaka ya nchi yako kabla ya kujiandikisha, kwa maandishi, siyo baada ya mahafali. Juu ya hapo kuna ithibati za shule za biashara zenyewe: AACSB ya Marekani, EQUIS ya Ulaya, na AMBA ya London, ambayo hukagua programu za DBA moja kwa moja. Kukosa ithibati hizo hakukifanyi chuo kuwa cha uongo; vyuo vingi vya heshima havina. Ila ukiona chuo kinajivunia ithibati ya baraza ambalo hujawahi kulisikia, litafute baraza hilo. Vyuo vya kughushi vina desturi ya kujitengenezea na mabaraza ya kuvithibitisha.

Wala si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili hasa ya watu wasioweza kuacha kazi na kuhamia bwenini, na kilikuwa kikifundisha kwa masafa kabla wengi wetu hatujaona intaneti. USIU-Africa ya Nairobi inatoa DBA. Msimamizi anayejua kausha damu ni nini bila kuelezwa, anayejua kwamba mshahara wa mwalimu una makato mangapi, anakuokolea kurasa ishirini za maelezo. Wa nje naye ana faida yake: hakubali "si unajua mambo yetu" kama jibu. Wapo wanaotafuta wote wawili, na vyuo kadhaa vinaruhusu msimamizi wa pili kutoka nje ya chuo.

Tumrudie meneja wa Moshi, maana kazi kama yake ndiyo inayoihalalisha shahada hii. Akifika mwisho, pendekezo lake huenda likawa dogo kwa kuliangalia: kila mdhamini aitwe peke yake, asomewe kwa Kiswahili kiasi anachokisainia na kitakachokatwa kwake mwezi kwa mwezi iwapo mwenzake atashindwa, na pasiwepo watu wawili wanaodhaminiana. Aya tatu kwenye masharti ya mikopo. Anayejaribu kuzipitisha kwenye mkutano mkuu wa wanachama atahitaji takwimu, mahojiano, na uvumilivu wa kusimama kwenye kipaza sauti akimjibu mzee wa nyuma anayesema mbona zamani tulisainiana na hakuna aliyekufa. Tofauti yake na meneja mwingine ni kwamba yeye anajua, na anaweza kuonyesha amejuaje.

Kwa hiyo wewe unayeliangalia tangazo hilo kwenye simu wikiendi hii, usilipe bado. Waandikie barua pepe na uulize mambo matatu. Kati ya walioanza DBA miaka saba iliyopita, wangapi wamemaliza? Nani atanisimamia, ana wanafunzi wangapi sasa hivi, na naweza kuzungumza na mmoja wao? Nikichelewa kwenye tasnifu, kila muhula wa ziada ni shilingi ngapi, na kuna kikomo? Wakikujibu kwa namba na majina, kaa na familia yako mpige hesabu. Wakikutumia picha ya watu wenye majoho na kukukumbusha kwamba ofa inaisha Ijumaa, futa namba yao.